Mukono unajibu upesi kwa kitu chenye kichwa kinangojea

Watu wengi wenye tunafunga vidonda vyao kwenye dispansere wanatuambia neno moja. Mutu wa mashini analisema, shofere analisema, mutu wa kupanga vago kwenye njia ya treni analisema pia: "Sikungojea kitu kile." Hawasemi kama macho yao yalikuwa mabaya. Hawasemi kama mikono yao ilikuwa mizito. Wanasema kitu kilitokea pahali pasipo pake, ao saa isiyo yake, na walipokitambua kilikuwa kimekwisha kuwafikia.

Wakubwa wengine wa kazi wakisikia neno lile wanakasirika. Wanaliita neno la kujitetea. Lakini watu wenye elimu ya mwili wamelipima neno hili kwa saa na kwa mashini tangu zaidi ya miaka 150, na wameona kama ni neno la kweli. Mutu mwenye kungojea kitu anakijibu upesi. Mutu yule yule, siku ile ile, na macho yale yale, akikutana na kitu chenye hakukingojea, anakawia. Leo tunataka kukufasiria sababu gani inakuwa vile, na namna gani unaweza kujikinga wewe na wenzako.

HABARI INATEMBEA NAMNA GANI NDANI YA MWILI

Tuseme unaendesha kamyo ndani ya karieri, na jiwe kubwa linabingirika kutoka juu mpaka katikati ya njia. Unakanyaga freni. Kwako wewe inaonekana kama jambo moja tu: nimeona, nimekanyaga. Lakini ndani ya mwili kuko kazi nne zenye kufuatana.

Ya kwanza, macho yanapokea habari na kuipeleka kwenye ubongo. Ya pili, ubongo unatambua: hili ni jiwe, si kivuli, si karatasi yenye kupeperushwa na upepo. Ya tatu, ubongo unachagua: nikanyage freni, nigeuze usukani, ao nipige honi? Ya nne, amri inashuka kwa mishipa mpaka kwenye muguu, na nyama za muguu zinakaza.

Safari yenyewe ya habari ndani ya mishipa haikawishi sana. Mu 1850 mutaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alipima mushipa wa chura, na akaona kama habari inapita ndani yake kwa mbio ya karibu metre 30 kila segonde. Mishipa minene ya mutu inapeleka habari kwa mbio kupita ile. Kutoka kichwani mpaka muguuni ni sehemu ndogo sana ya segonde. Wakati mwingi unapotea katikati, kwenye kazi ya pili na ya tatu: kutambua na kuchagua.

Ni pale kungojea kunasaidia. Mutu mwenye kungojea amekwisha kufanya nusu ya kazi mbele ya kitu kutokea. Ni kama mama mwenye amewasha makala, amechemsha maji na kupima unga mbele ya wageni kufika. Wageni wakibisha mulango, bukari inaiva upesi. Mama mwenye hakungojea wageni, yeye anaanza kwanza kutafuta kiberiti. Wote wawili wanajua kupika. Wote wawili wana mikono mizuri. Tofauti yao ni maji yenye kuwa tayari juu ya moto.

JIPIME WEWE MWENYEWE

Usikubali neno hili kwa sababu sisi tumelisema. Lijaribu nyumbani. Kamata ubao wa kupimia wa mutoto wa shule, ule wa santimetre 30. Rafiki yako aushike kwa juu, ukining'inia, namba sifuri ikiwa chini. Wewe uweke vidole viwili kando ya sifuri, bila kuugusa. Rafiki anauachia, wewe unaukamata. Kiisha soma namba yenye iko kati ya vidole vyako.

Vitu vyenye kuanguka vinafuata sheria moja, kwa hiyo santimetre zinatuambia wakati. Ukikamata kwenye santimetre 10, umetumia segonde 0,14. Kwenye santimetre 15, segonde 0,17. Kwenye santimetre 20, segonde 0,20. Kwenye santimetre 30, segonde 0,25. Ukiukosa kabisa, umekawia kupita pale.

Fanya kwa namna tatu, na kila namna mara kumi. Kwanza, rafiki aseme "tayari", kiisha aachie nyuma kidogo tu. Pili, asiseme kitu, aachie wakati anaopenda ndani ya nusu dakika. Tatu, wewe uhesabu kwa sauti kutoka 100 ukitoa 7 kila mara: 93, 86, 79, na kuendelea, yeye aachie katikati ya hesabu. Andika namba zote. Kwa watu wengi namba zinapanda kutoka namna ya kwanza mpaka ya tatu. Mukono ni ule ule. Ubao ni ule ule. Chenye kimebadilika ni kichwa chenye kungojea, ao chenye kuwa na kazi ingine.

WATAALAMU WALIPIMA NINI

Mu 1868 munganga mumoja wa macho wa muji wa Utrecht, katika Uholanzi, jina lake Franciscus Donders, alitangaza vipimo vyake. Alimugusisha mutu umeme mudogo kwenye muguu, na mutu alipashwa kujibu kwa mukono wa upande ule ule. Mara ingine alimwambia mbele muguu gani utaguswa. Mara ingine hakumwambia. Mutu asipojua, jibu lilikawia. Ukikata segonde moja vipande 15, ukawio ule ulikuwa karibu kipande kimoja. Na ilikuwa miguu miwili tu, na mutu aliketi kimya bila motere wala vumbi.

Mu 1952, kule Cambridge katika Uingereza, W. E. Hick aliweka taa nyingi mbele ya watu, na kila taa ilikuwa na kidole chake cha kuijibu. Aliona kama taa zikiongezeka, jibu linakawia zaidi, kwa maana ubongo una njia nyingi za kuchagua. Mu 1953, Ray Hyman wa Marekani aliongeza neno lenye sisi watu wa mugoti tunapashwa kulishika sana: taa yenye kuwaka mara nyingi inajibiwa upesi, taa yenye kuwaka mara moja moja inajibiwa polepole.

Fikiri neno lile. Hatari ya kazi ni taa ya namna gani? Ni taa yenye kuwaka mara moja moja. Umepita kwenye galeri ile mara elfu, na lokomotivu haikutoka kwenye kona. Umefungua sanduku lile la umeme miaka sita, na halikukugusa. Kila siku yenye kupita salama inafundisha ubongo wako kusema: hapa hakuna kitu. Na ubongo ukisema vile, unazima moto chini ya maji. Ndiyo sababu mufanyakazi wa zamani, mwenye kujua kazi yake kabisa, anaweza kuumia pahali penye anapajua kupita nyumba yake. Si kama amesahau kazi. Ni kama kazi imemuzoeza kutongojea kitu.

KWENYE BARABARA, UKAWIO UNAHESABIWA KWA METRE

Mu 1971 wachunguzi wawili wa Uswidi, Johansson na Rumar, walitangaza kipimo chenye walifanya kwa mashofere 321. Kila shofere alisimamishwa njiani na kuambiwa: katika kilometre 10 zenye kuja utasikia honi, na ukiisikia kanyaga freni mara moja. Nusu ya mashofere walikanyaga kwa segonde 0,66 ao chini yake. Lakini wale walikuwa wanangojea honi, masikio yamesimama. Kiisha wachunguzi wakapima watu wachache kwa namna mbili, wakiwa wanangojea na wakiwa hawangojei. Waliona kama inafaa kuzidisha wakati kwa 1,35. Segonde 0,66 zinakuwa karibu 0,9.

Mu 2000 Marc Green alikusanya vipimo vingi vya namna ile, akavilinganisha. Hesabu yake iko hivi. Shofere mwenye kujua kama atapashwa kufunga freni anatumia karibu segonde 0,70 mpaka 0,75. Shofere mwenye kuona jambo la kawaida lakini hakulingojea saa ile, kama taa za freni za motokari ya mbele, anatumia karibu segonde 1,25. Na shofere mwenye kitu kinamurukia gafula mbele yake, mutoto ao mbuzi, anatumia karibu segonde 1,5.

Unaweza kusema: segonde nusu ni kitu gani? Tuhesabu pamoja. Kamyo yenye kwenda kilometre 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kila segonde. Kwa segonde 0,70 imepita metre 12 mbele ya muguu kuanza kukanyaga. Kwa segonde 1,25 imepita metre 21. Kwa segonde 1,5 imepita metre 25. Na ni baada ya metre zile tu freni zinaanza kazi yao. Tofauti ya mutu mwenye kungojea na mutu mwenye kushitukia ni metre 13. Pima metre 13 mbele ya nyumba yako, kwa hatua za miguu yako, na utaona watoto wangapi wanaweza kusimama pale.

Sasa fikiri barabara ya Lubumbashi na Likasi. Kamyo za shaba zinafuatana, kinga zenye magunia ya makala zinapanda polepole, mama na beseni kichwani anavuka, na kwenye kila kijiji watoto wanatoka shule. Shofere mwenye kuwaza "barabara ni yangu" atakawia kwa kila mumoja wao. Shofere mwenye kujisemea "nyuma ya kamyo hii yenye kusimama kuko mutu" ameweka muguu wake karibu na freni mbele ya mutu kutokea. Tena amepunguza mbio, na mbio ikipungua metre zote zinapungua pamoja.

KUNGOJEA VIBAYA

Lakini usifikiri kama kungojea ni kuzuri sikuzote. Kuko kungojea kwenye kunadanganya.

Tazama golikipa. Huku Katanga ni nani asiyemukumbuka Robert Kidiaba, mwenye kulinda gori la TP Mazembe mu 2010, timu ilipofika kwenye mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia la klabu? Penalti inapigwa kwa metre 11. Mupira wenye kwenda kilometre 100 kwa saa unazikata metre zile kwa segonde 0,4. Golikipa anahitaji karibu segonde 0,2 kwa kuanza tu kutikisika, na bado hajajitupa. Akingoja mupira uondoke ndipo achague, mara nyingi atakuwa amechelewa. Kwa hiyo anasoma hatua za mupigaji, bega lake, muguu wake wa kusimamia, na anajitayarisha upande mumoja. Akisoma vizuri, watu wanaimba. Akisoma vibaya, anajitupa kushoto na mupira unaingia kuume. Kwenye mupira, kosa lile ni bao. Kwenye kazi, kosa lile ni mutu.

Kuko namna tatu za kungojea vibaya zenye kuonekana kwenye kazi.

Namna ya kwanza ni kujibu kitu chenye hakijakuja. Kwenye mashindano ya kukimbia, muchezaji mwenye kuondoka chini ya segonde 0,1 nyuma ya bunduki kulia anahesabiwa kama ameiba mwanzo. Wenye sheria wanajua kama mutu hawezi kusikia na kujibu kwa wakati mudogo vile. Maana yake alibahatisha. Na kwenye mugoti vilevile. Mutu wa kuendesha kaji, ile sanduku ya chuma yenye kushusha watu, amezoea kama kengele inalia kila nyuma ya dakika moja. Siku moja anaanza kusogeza mukono mbele ya kengele kumaliza kulia, na muguu wa mutu uko bado mulangoni. Alama ni alama ikiisha kutolewa yote. Usiimalizie kwa kichwa chako.

Namna ya pili ni kuona chenye unangojea kukiona. Fundi wa umeme ameambiwa: "Umeme umekatwa." Anakuta waya kimya, mashini haitikisiki, taa haiwaki. Kila kitu kinasema ni kweli, na mukono wake unaenda. Lakini waya wenye umeme na waya usio na umeme vinafanana kwa macho. Ni chombo cha kupimia tu kinavitofautisha. Kungojea si kupima.

Namna ya tatu ni watu wawili wenye kungojeana. Shofere wa mashini ya kupakia mawe anarudi nyuma. Anafikiri: mutu wa miguu ataniona, mimi ni mukubwa. Mutu wa miguu anafikiri: shofere ataniona, nina kasike na gile yenye kuangaza. Kila mumoja anangojea mwenzake asimame. Hakuna mwenye kungojea kusimama yeye mwenyewe. Dawa ya jambo lile ni moja: macho kwa macho. Kama hukuona macho ya shofere, ujihesabu kama hajakuona.

KUNGOJEA KUNACHOKA

Wakati wa vita ya pili ya dunia, ndege za Uingereza zilitafuta manowari ndani ya bahari kwa rada, na wakubwa waliona kama walinzi wa rada wanakosa alama nyuma ya muda kidogo. Norman Mackworth wa Cambridge aliombwa kuchunguza. Aliwaweka watu mbele ya saa kubwa yenye mushale mumoja. Mushale ulisogea hatua moja moja, na mara chache tu uliruka hatua mbili. Kazi ya mutu ilikuwa kusema kila mara mushale unaporuka. Ilikuwa kazi rahisi, na walifanya saa mbili.

Matokeo aliyatangaza mu 1948. Katika nusu saa ya kwanza, watu walikosa karibu alama 15 katika 100. Nyuma ya nusu saa ile, walikosa zaidi ya 25 katika 100. Walikuwa watu wazima, wenye akili, na hakuna mwenye alikuwa muvivu. Kichwa cha mutu hakikuumbwa kwa kungojea saa nyingi kitu chenye hakiji.

Kwa hiyo wewe mulinzi wa tapi ya kubeba mawe, wewe mwenye kutazama vipimo kwenye chumba cha mashini, wewe shofere wa posti ya usiku, ujue jambo hili bila haya. Usijivune kwamba unaweza kutazama saa nne bila kupumzika. Omba kubadilishana na mwenzako. Simama, tembea kidogo, kunywa maji. Tena usimusaidie adui. Lutuku ya jana, usiku bila usingizi, na telefone ndani ya mufuko yenye kulia, vyote vinamwaga maji yenye ulikuwa umeweka juu ya moto.

PENYE HAKUNA MUTU WA UPESI

Sasa kuko neno moja lenye tunaomba wakubwa wa kazi walisome pamoja nasi. Kuko pahali penye kungojea hakutoshi, hata kwa mutu wa upesi kupita wote.

Tapi ya kubeba mawe yenye kwenda metre 2 kila segonde inavuta santimetre 50 kwa robo ya segonde. Robo ya segonde ni wakati wa mutu mwenye kuwa macho kabisa. Santimetre 50 ni kupita urefu wa kutoka kidole mpaka kiwiko. Mbele ya mutu kusikia kama shati lake limekamatwa na kuanza kuvuta, mukono umekwisha kuingia. Pale usimwambie mutu: "Angalia vizuri." Pale inaomba wavu wa chuma wa kufunika magurudumu, kamba ya kusimamisha mashini kando ya tapi yote, na kufuli kwenye umeme mbele ya mutu kusafisha ao kutengeneza. Kufuli ile, fungulo yake ikae ndani ya mufuko wa mutu mwenye kuingiza mikono yake, si ndani ya mufuko wa mwingine.

Mashini haichoki, haizoei, haishituki. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ya chuma, na macho ya mutu ni kinga ya pili. Mutu akiumia pahali pasipo na wavu, tusiulize kwanza kama alikuwa anaota. Tuulize wavu uko wapi.

MANENO MATANO YA KUSHIKA

1. Mbele ya kuanza posti, ekipi isimame dakika mbili, na kila mutu aseme hatari moja ya siku ya leo. Si hatari zote za kitabu. Ile ya leo. Kama mvua ilinyesha usiku, tusema njia inateleza. Kama kuko mashini mupya, tusema inatokea wapi. Kichwa hakiwezi kungojea vitu mia. Kinaweza kungojea viwili ao vitatu.

2. Alama itolewe mbele ya kitendo. Piga honi mbele ya kurudi nyuma. Sema "ninafungua" mbele ya kufungua bomba. Lia kengele mbele ya kuanzisha tapi, kiisha ngoja kidogo. Unamupa mwenzako segonde zenye yeye hana.

3. Alama isidanganye. Sirene yenye kulia bure kila juma inafundisha watu kukaa. Kama inalia bure, itengenezwe siku ile ile. Na siku ya majaribio, watu watembee kweli mpaka pahali pa kukutana, ili miguu ijue njia.

4. Punguza mbio pahali penye huoni: kwenye kona, kwenye vumbi, kwenye kilele cha mulima, nyuma ya kamyo yenye kusimama. Usipojua kitu gani kinakuja, jipe metre nyingi.

5. Kazi ya mara moja moja ifanywe kama kazi mupya. Kama hukuigusa tangu miezi mitatu, uliza, soma, na uwe na mwenzako.

Neno la kwanza halihitaji hotuba. Shefu wa ekipi anaweza kumuuliza shofere hivi:

"Papa shofere, leo tunangojea nini?"

"Shefu, pale kwenye mupando wamemwaga maji mengi juu ya vumbi. Kamyo tupu itateleza."

"Na wewe, kijana?"

"Mimi ninangojea watu wa mabomba. Wako kando ya njia mpaka saa sita, na kelele ya pompi inawafunga masikio."

Basi, imekwisha. Haikukamata hata dakika moja. Lakini sasa yule shofere akiona mutu mwenye kuinama kando ya bomba, ubongo wake hautauliza tena: hiki ni kitu gani?

NA NYUMBANI

Mama mwenye kusoma ukurasa huu, wewe pia uko na ekipi yako. Mutoto mwenye kufuata mupira hangojei motokari, na shofere hangojei mutoto. Ni wawili wenye kushitukiana. Umufundishe mutoto wimbo huu mufupi: mupira ukitoka, mimi ninasimama. Ausemee muchezoni mpaka miguu yake iuzoee. Na sufuria ya maji ya moto, geuza mukono wake upande wa ukuta. Usingoje upesi wako ushindane na mukono wa mutoto wa miaka miwili. Na bwana wako akitoka posti ya usiku, umuache alale. Usingizi ule ni sehemu ya freni zake.

Ndugu mufanyakazi, sisi wa dispansere tunajua kufunga kidonda, kunyoosha mufupa na kuchoma sindano. Hatujui kurudisha kidole chenye kubaki kati ya magurudumu. Kesho asubui, mbele ya kuvaa kasike, jiulize neno moja tu: leo ninangojea nini, na kitu gani kinaweza kutokea chenye mimi sikingojei? Kiisha umuulize mwenzako vilevile, maana macho yake yanaona upande wenye wewe umepa mugongo.

Kazi njema, na kila mutu arudi kwake muzima.